Denis Burkitt: Daktari wa jicho moja aliyekataliwa kwenye fomu, kisha akaipa Kampala jina katika vitabu vya tiba

Mwaka 1957, katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala, daktari wa upasuaji aliitwa wodini na mwenzake ili amtazame mtoto wa kiume wa umri wa miaka 5. Uso wa mtoto huyo ulikuwa umevimba pande zote mbili, taya la juu na la chini, meno yamelegea na macho yamesukumwa nje. Aliyeitwa alikuwa Denis Burkitt. Aliyemwita alikuwa Dkt. Hugh Trowell, bingwa wa magonjwa ya ndani aliyejulikana Afrika Mashariki kwa utafiti wake juu ya kwashiakori. Hakuna kati yao aliyeweza kueleza ni ugonjwa gani unaoweza kushika pembe zote 4 za mataya kwa wakati mmoja. Burkitt alimpiga mtoto picha, akachukua kipande cha nyama kwa ajili ya maabara, akaandika aliyoyaona.

Ugonjwa huo leo unabeba jina lake katika kila kitabu cha tiba duniani. Jambo lisilosimuliwa mara nyingi ni kwamba, kwa kufuata karatasi peke yake, daktari huyo hakupaswa kuwapo Mulago siku ile. Miaka kadhaa kabla, utumishi wa madaktari wa makoloni ya Uingereza ulikuwa umemkataa kwa sababu ya kipengele kimoja cha fomu ya afya: Burkitt alikuwa na jicho moja tu.

Mtoto wa Enniskillen

Denis Parsons Burkitt alizaliwa tarehe 28 Februari 1911 karibu na mji wa Enniskillen, kaskazini mwa Ireland. Baba yake, James Parsons Burkitt, alikuwa mhandisi aliyesimamia barabara na madaraja ya wilaya. Baada ya saa za kazi alikuwa na shughuli nyingine iliyompa heshima miongoni mwa wanasayansi: aliwafunga ndege wadogo pete miguuni na kuchora ramani ya maeneo yao, ili ajue kila ndege anaishi wapi na mpaka wake unakomea wapi. Mwanawe alikua akiyaona hayo. Miaka mingi baadaye, yeye naye angejulikana kwa kuchora ramani, ila ramani yake ingekuwa ya maradhi.

Alipokuwa na miaka 11, wavulana walirushiana mawe njiani. Jiwe moja lilivunja miwani yake na vigae vya kioo vikaingia katika jicho la kulia. Madaktari hawakuweza kuliokoa, na tangu hapo aliishi kwa jicho la bandia.

Mwaka 1929 alijiunga na Trinity College mjini Dublin kusomea uhandisi, kama baba yake. Hakukaa sana katika masomo hayo. Imani yake ya Kikristo, iliyomshika kwa nguvu alipokuwa chuoni, ilimfanya aone kwamba kazi yake duniani ni tiba. Alibadilisha masomo, akahitimu udaktari mwaka 1935, na mwaka 1938 akapata ushirika wa Chuo cha Kifalme cha Madaktari wa Upasuaji cha Edinburgh. Kwa utaratibu wa siku zile alikuwa amekamilika: shahada iliyotambuliwa, jina katika daftari la madaktari, na cheti cha ubingwa wa upasuaji. Mwaka huohuo wa 1938 alisafiri hadi Manchuria akiwa daktari wa meli, na katika safari hiyo akaamua kwamba maisha yake yatakuwa ng'ambo.

Fomu isiyotazama mikono

Burkitt aliomba kazi katika Utumishi wa Kitabibu wa Makoloni, akitaka kwenda Afrika Magharibi. Akakataliwa. Vyeti vyake havikuwa na dosari. Dosari ilikuwa jicho. Walioamua hawakumwona akifanya upasuaji, wala hawakuwauliza waliowahi kusimama naye kwenye meza ya upasuaji. Vita Vikuu vya Pili vilipoanza aliomba kuingia katika kikosi cha madaktari wa jeshi la Uingereza, na huko pia mlango haukufunguka mara ya kwanza. Alipokubaliwa ilikuwa mwaka 1941, vita vikiwa vimepamba moto.

Si haki kusema kwamba masharti ya namna hiyo hayana maana. Leseni ya udaktari iliwekwa ili kumlinda mgonjwa, ambaye hana njia ya kujua kama mtu aliyeshika kisu amesoma au ni tapeli. Mgonjwa anamwamini asiyemjua kwa sababu kuna baraza lililomchunguza kwa niaba yake. Ubaya huanza pale karatasi inapoacha kuuliza kama mtu ana ujuzi, ikaanza kuuliza kama anafanana na waliomtangulia. Kwa Burkitt swali lilikuwa jicho. Kwa madaktari Waafrika aliokuja kufanya nao kazi Kampala, swali lilikuwa zito zaidi, na jibu lake lilichukua miaka mingi zaidi.

Mwaka 1943 alimwoa Olive Rogers, muuguzi. Jeshi lilimleta Afrika Mashariki, akafanya kazi Kenya na Somalia, kisha akapelekwa Ceylon. Kenya haikuwa ngeni kwa ukoo wake: baba yake mdogo, Dkt. Roland Burkitt, alikuwa mpasuaji maarufu wa Nairobi kwa zaidi ya miaka 20. Akiwa jeshini Denis Burkitt alipata nafasi ya kuiona Uganda, ikamwingia moyoni. Vita vilipokwisha aliomba tena kazi ya makoloni, safari hii akiitaja Uganda. Mikono yake ilikuwa imepitia miaka ya upasuaji wa jeshi, na utumishi uleule uliomkataa sasa ukamkubali.

Kutoka Lira hadi Mulago

Aliwasili Uganda mwaka 1946 na kupangiwa Lira, katika nchi ya Lango. Huko alikuwa daktari wa kila jambo: uzazi, mifupa iliyovunjika, vidonda, ajali. Kati ya wagonjwa wake wanaume, wengi walikuja na mabusha. Burkitt aliona kwamba hawakutoka kila upande wa wilaya kwa wingi sawa. Upande mmoja ugonjwa ulikuwa wa kawaida sana, upande mwingine ulikuwa nadra. Alihesabu, akalinganisha, akaandika. Tofauti hiyo ilikwenda sambamba na minyoo ya matende inayoenezwa na mbu. Makala aliyoichapisha haikutikisa dunia, lakini ilimfundisha swali ambalo hakuliacha tena: ugonjwa huu uko wapi, na haupo wapi?

Mwaka 1948 alihamishiwa Kampala. Mulago haikuwa hospitali tu. Ilikuwa pia darasa. Mafunzo ya tiba yalikuwa yameanzishwa hapo tangu miaka ya 1920, pamoja na kuanzishwa kwa Makerere, na vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walikuja kusoma. Burkitt alipasua na kufundisha. Alipoona watu waliokatwa miguu wakirudi vijijini bila msaada, alijifunza utengenezaji wa viungo bandia na kusaidia kazi hiyo ianze Kampala.

Leseni iliyokoma mpakani

Wanafunzi wa Makerere walisoma kwa miaka mingi, wakafanya mitihani migumu, wakatoka na leseni ya utabibu na upasuaji. Lakini leseni hiyo ilikuwa na mpaka. Ilimruhusu mwenye nayo kutibu ndani ya Afrika Mashariki tu. Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza, ambalo daftari lake lilikuwa kipimo cha udaktari katika himaya nzima, halikuitambua. Matokeo yake yalionekana kila siku wodini. Mhitimu wa Makerere aliitwa daktari msaidizi, alilipwa kidogo kuliko Mzungu, na alikaa chini ya daktari aliyetoka Ulaya hata pale ambapo yeye ndiye aliyeyajua maradhi ya nchi na lugha ya mgonjwa.

Tofauti kati yake na Burkitt haikuwa katika wingi wa kazi. Ilikuwa katika chuo kilichotoa karatasi. Shahada ya Dublin ilivuka bahari bila swali. Ya Makerere haikuvuka mipaka ya Afrika Mashariki. Daktari aliyetaka kusomea ubingwa Uingereza alijikuta akirudi nyuma, akilazimika kuthibitisha upya mambo ambayo alikuwa ameyafanya kwa miaka.

Walimu wa Makerere na Mulago, Trowell akiwa mmoja wao, walitumia miaka mingi kuinua mafunzo hadi kiwango ambacho Uingereza isingeweza kukikataa. Mitaala ilipitiwa, maabara zikaongezwa, wakaguzi wakaja kutazama. Hatimaye, mwaka 1957, Baraza Kuu la Madaktari la Uingereza liliitambua sifa ya Makerere. Ulikuwa ndio mwaka uleule ambao mtoto wa miaka 5 alifika wodini akiwa amevimba mataya.

Miongoni mwa wahitimu wa Makerere waliofanya kazi na Burkitt alikuwemo Sebastian Kyalwazi, aliyekuja kuwa Mwafrika wa kwanza wa Afrika Mashariki kupata ushirika wa chuo cha kifalme cha wapasuaji, na baadaye profesa wa upasuaji Makerere. Jina lake liko pamoja na la Burkitt juu ya makala ya mwaka 1967 kuhusu wagonjwa ambao uvimbe wao ulinywea wenyewe. Kizazi cha Kyalwazi ndicho kilichothibitisha kwamba kilichokuwa kikikosekana muda wote hakikuwa uwezo, bali muhuri.

Mtoto wa pili

Majuma machache baada ya kumwona mtoto wa Mulago, Burkitt alikuwa Jinja, mji ulio kando ya Ziwa Victoria ambako Nile inaanzia. Alitupa jicho dirishani, akamwona mtoto ameketi nyasini pamoja na mama yake. Uso wake ulikuwa umevimba kama wa yule wa kwanza. Alitoka kumpima, akakuta uvimbe mwingine tumboni. Mgonjwa mmoja angeweza kuwa ajabu ya maumbile. Wawili, tena wanaofanana namna hiyo, walikuwa ni ugonjwa.

Aliporudi Kampala alifungua mafaili ya hospitali. Hapo ndipo karatasi, iliyowahi kumfungia mlango, ilipomfungulia. Mulago ilikuwa na kumbukumbu, na Kampala ilikuwa na daftari la saratani lililoanzishwa miaka ya 1950 na wataalamu wa patholojia wa Makerere wakiongozwa na Profesa Jack Davies. Kesi zilizokuwa zimeandikwa kwa majina tofauti, nyingine kama saratani ya taya, nyingine ya figo, nyingine ya ovari au ini, zilianza kuonekana kuwa kitu kimoja kilichojificha chini ya majina mengi. Baadaye wanasayansi wa Makerere walichunguza hata kumbukumbu za Hospitali ya Mengo, iliyoanzishwa na Dkt. Albert Cook mwaka 1897, na humo pia watoto wenye uvimbe wa taya walikuwamo. Ugonjwa haukuwa mpya. Ulikuwa umeandikwa kwa uaminifu kwa miongo mingi, ukingojea mtu wa kuzisoma kurasa hizo pamoja.

Mwaka 1958 Burkitt alichapisha makala katika jarida la upasuaji la Uingereza. Wachache waliijali. Pale Makerere, Mmarekani Greg O'Conor, mtaalamu wa patholojia, alitazama vipande vya nyama kwa hadubini na kuonyesha kwamba uvimbe huo ni limfoma, yaani saratani ya chembe za kinga ya mwili. Sasa ugonjwa ulikuwa na sura wodini na sura chini ya hadubini. Kilichobaki ni kuujua unakoishi.

Barua, picha na gari la mitumba

Burkitt alichapisha vikaratasi vyenye picha za watoto wagonjwa, akavituma kwa mamia kwenye hospitali za serikali na za misheni kote Afrika. Swali lilikuwa moja: je, mmewahi kuwaona watoto wa namna hii? Kila jibu lilipofika, alichomeka pini kwenye ramani ukutani mwa ofisi yake. Haba na haba, pini zikafanya ukanda uliovuka bara katikati, ukiwa na mkia ulioshuka pwani ya mashariki hadi Msumbiji.

Ukanda ule ulikuwa na kingo, naye alitaka kuziona. Tarehe 7 Oktoba 1961 alitoka Kampala kwa gari la Ford lililokwisha kutumika, alilonunua kwa pauni 250. Alikuwa na wenzake wawili: Dkt. Ted Williams wa hospitali ya misheni ya Kuluva, karibu na Arua, ambaye pia alikuwa hodari wa kutengeneza magari, na Dkt. Cliff Nelson kutoka Kanada. Kwa takriban majuma 10 walipita njia za vumbi na za matope kuelekea kusini mwa Afrika na kurudi, wakatembelea hospitali zaidi ya 50 na kusafiri yapata kilomita 16,000. Gharama yote haikufika pauni 700.

Walichokiona ni kwamba ugonjwa ulipungua na kutoweka katika nyanda za juu. Karibu na ikweta mpaka ulikuwa kwenye miinuko ya takriban mita 1,500. Kadiri walivyokwenda kusini, mpaka uliteremka. Basi haukuwa mwinuko wenyewe, bali joto. Mahali penye baridi kali au ukame, ugonjwa haukuwapo. Alexander Haddow, mkurugenzi wa taasisi ya utafiti wa virusi ya Entebbe, alipoitazama ramani hiyo aliona inafanana na ramani za maradhi yanayoenezwa na wadudu. Swali likageuka: je, inawezekana saratani ikahusiana na maambukizo?

Sampuli katika ndege

Mapema mwaka 1961, kabla ya safari ile ndefu, Burkitt alikuwa ametoa mhadhara katika Hospitali ya Middlesex, London. Katika wasikilizaji alikuwamo kijana mtafiti wa virusi, Anthony Epstein. Kabla hata mhadhara haujaisha, Epstein aliamua kwamba atautafuta ugonjwa huo ndani ya chembe. Walipatana, na vipande vya uvimbe vikaanza kusafirishwa kwa ndege kutoka Kampala hadi London.

Kwa muda mrefu hakikuonekana kitu. Kisha Desemba 1963 ndege iliyobeba sampuli ilielekezwa Manchester kwa sababu ya ukungu. Kichupa kilipofika London, maji yake yalikuwa yamechafuka, na mtu mwingine angeweza kukitupa akidhani kimeoza. Epstein alitazama, akakuta chembe za saratani zikielea zikiwa hai. Kutokana nazo, yeye na wenzake Bert Achong na Yvonne Barr waliweza kuotesha chembe hizo maabara, na mwaka 1964 walitangaza kirusi kipya kilichoonekana ndani yake. Kirusi cha Epstein-Barr kikawa cha kwanza kuhusishwa na saratani ya binadamu. Chembe zilizokiwezesha kuonekana zilitoka kwa mgonjwa wa Uganda.

Baadaye Burkitt alisisitiza kwamba kirusi peke yake hakitoshi kueleza ramani ile, kwa kuwa kimeenea karibu dunia nzima. Alielekeza macho kwenye malaria. Visiwa vya Unguja na Pemba vilimpa ushahidi: hali ya hewa ilikuwa ya joto na unyevu kama ya bara, lakini mahali ambapo malaria ilikuwa imedhibitiwa, uvimbe huo ulikuwa nadra. Fikra hiyo, kwamba malaria inayomshambulia mtoto mara kwa mara inakifungulia njia kirusi, imeungwa mkono na utafiti mwingi uliofuata.

Watoto waliopona

Kwa Burkitt ramani haikuwa mwisho. Uganda ya wakati ule haikuwa na tiba ya mionzi, na upasuaji haukufaa kwa uvimbe ulioenea hivyo. Palibaki dawa, na dawa za saratani zilikuwa bado changa. Wataalamu kutoka New York, akiwemo Joseph Burchenal, walimpatia dawa za majaribio. Uvimbe ulinywea kwa kasi ambayo haikuwa imezoeleka katika saratani. Baadhi ya watoto walipona kabisa, wengine kwa dozi chache tu. Burkitt aliwafuatilia hadi vijijini kwao, kwa maana mgonjwa asiyerudi hospitali huenda amekufa na huenda anacheza uwanjani, na kitabu cha tiba hakiwezi kuandikwa kwa kubahatisha.

Kazi hiyo ilizaa kituo cha matibabu ya limfoma kilichofunguliwa Mulago mwaka 1967 kwa ushirikiano wa Makerere na taasisi ya taifa ya saratani ya Marekani, daktari kijana John Ziegler akiwa kiongozi wake wa kwanza. Kituo hicho ndicho kilichokua na kuwa Taasisi ya Saratani ya Uganda, ambayo hadi leo inapokea wagonjwa kutoka nchi jirani.

Burkitt mwenyewe alikuwa ameondoka. Tangu mwaka 1964 alikuwa akilipwa na Baraza la Utafiti wa Tiba la Uingereza huku akiendelea kukaa Kampala, na mwaka 1966, baada ya miaka 20 Uganda, alirudi Uingereza na familia yake. Huko alianza maisha ya pili ya utafiti. Alilinganisha maradhi ya Ulaya na yale aliyoyaona Afrika, akauliza kwa nini kuvimba kwa kidole-tumbo, mawe ya nyongo na saratani ya utumbo mpana vilijaa London lakini vilikuwa adimu katika wodi za Mulago. Jibu alilolieneza lilikuwa chakula: watu wa vijijini Uganda walikula vyakula visivyokobolewa, vyenye nyuzinyuzi nyingi. Kitabu chake cha mwaka 1979 kuhusu nyuzinyuzi kilisomwa na watu wa kawaida katika nchi nyingi.

Heshima zilikuja kwa wingi. Mwaka 1972 alichaguliwa kuwa mwanachama wa Chama cha Kifalme cha sayansi cha Uingereza, na mwaka huohuo akapata tuzo ya Lasker ya Marekani, yeye pamoja na wenzake kadhaa wakiwemo Burchenal na Ziegler. Alifariki tarehe 23 Machi 1993, akiwa na umri wa miaka 82.

Alichoacha

Leo Uganda ina baraza lake la kusajili madaktari, linalomtaka mhitimu apitie mafunzo ya vitendo hospitalini kabla ya kusajiliwa kikamilifu, na linalodai leseni ihuishwe kila mwaka. Ni taratibu za nchi huru, na mgonjwa wa Gulu au Mbarara ana haki ya ulinzi huo kama mgonjwa wa Dublin. Hata hivyo, kisa cha leseni iliyokoma mpakani hakijaisha. Madaktari na wauguzi wengi wa Afrika Mashariki wanaohamia ng'ambo hukuta vyeti vyao vikiwekwa kando hadi wafanye mitihani upya, wathibitishe lugha, na waandikiwe barua na vyuo ambavyo pengine vita vimevifunga. Baadhi hungoja miaka, wakifanya kazi nyingine, huku hospitali za nchi walizohamia zikilalamika kwamba hazina madaktari wa kutosha.

Maisha ya Burkitt hayafundishi kwamba karatasi hazina thamani. Bila mafaili ya Mulago, bila daftari la saratani la Kampala, bila vikaratasi vilivyorudi kutoka hospitali za misheni, yeye angekuwa daktari aliyeona watoto wawili wa ajabu na kuwasahau. Thamani ya karatasi ile ilikuwa kwamba iliandika kilichoonekana kweli. Fomu iliyomkataa iliandika kweli pia: jicho lilikuwa moja. Kosa lake lilikuwa kudhani kwamba hilo ndilo lililopaswa kujulikana juu yake.

Mtoto wa wodi ya Mulago wa mwaka 1957 hakuonwa na macho mawili. Alionwa na jicho moja la daktari aliyewahi kukataliwa, katika hospitali ambayo wahitimu wake walikuwa ndio kwanza wanakubaliwa. Tangu siku hiyo, watoto wengi wenye ugonjwa ule wamepona, na wengi wao hawajawahi kulisikia jina la aliyechomeka pini kwenye ramani.